Nani Anamfufua Erasmo Mchome?

Dar es Salaam, 14 Februari 2009

Shangazi yangu Veneranda,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila joto la huku linatutoa jasho hata tukiwa tumekaa. Mdogo wangu Honorata alinipigia siku aliposhuka Same, akaniambia mvua za vuli zimewapita na mahindi ya bondeni yamenyauka yote. Poleni sana. Akasema pia goti linakusumbua na bado unapanda kulima kule juu karibu na msitu. Shangazi, goti halina spea. Tulia.

Najua simu hutaki. Kwenye msiba wa mama uliniambia mambo ya ukoo hayasemwi mahali ambapo hata kinyozi anasikia. Basi barua hii naituma kwa basi, na Baba Vitus ataichukua dukani Same akishuka.

Nilishakueleza habari za ile ensaiklopidia ya kwenye mtandao, kitabu cha maarifa yote ambacho kila mtu anaruhusiwa kuandika na kila mtu kusahihisha. Mimi nikimaliza kazi za maktaba huwa najitolea pale, na kazi niliyojichagulia ni vifo. Watu wanauana ovyo, Shangazi. Kocha akifungwa Jumamosi, Jumapili mtu ameshamwandikia tarehe ya kufa. Mwanamuziki akihama bendi, mashabiki wanamzika. Basi mimi naangalia: nani ameandika, amewahi kuandika jambo lingine la maana, gazeti gani limetangaza, msiba uko wapi, amezikwa wapi. Pasipokuwa na jibu nafuta, na mtu wa watu anarudi kuwa hai.

Tangu mama atutoke mwaka jana nimekuwa na hamu ya kuandika habari za baba aliyenizaa. Nikaandika: Erasmo Mchome, mpiga gitaa wa bendi ya shamba la mkonge, mzaliwa wa Chome, alifariki mwaka 1984. Siku chache baadaye mtu asiye na jina akaufuta mwaka wa kifo. Nikaurudisha. Akaufuta tena, na safari hii aliacha maneno: "Nani aliuona mwili?"

Mimi ninayewabana wengine ndiye sasa ninayebanwa. Nisaidie. Nataka tarehe kamili aliyofariki baba, na mahali, na kama Honorata anaweza kuupiga picha msalaba wa kaburi lake. Ni hayo tu.

Mwanao,
Hedwiga


Chome, 9 Machi 2009

Hedwiga mwanangu,

Marahaba. Huku ni wazima, isipokuwa ng'ombe wa Vitus aliyevimba tumbo tukadhani anakufa, kumbe alikula majani mabichi ya maharage. Goti ni langu, niachie mwenyewe. Honorata amepata mchumba wa kueleweka, fundi seremala, na padre amewapangia ndoa Agosti baada ya mavuno, kama mavuno yatakuwepo. Ukija uje na kitenge kizuri, siyo vile vya kupauka ulivyoleta kwenye msiba.

Sasa hiyo kazi yako. Babu yako alikusomesha kwa kahawa ili uje uwe mfukua makaburi? Bwana Yesu mwenyewe aliwafufua wachache tu, na unajua walivyomfanya. Wewe uangalie.

Baba yako alifariki zamani, wakati wa shida, sukari ilipokuwa inapimwa kama dawa. Tarehe nani aliishika? Tulikuwa tunashika njaa. Msalaba ulikuwa wa mti, mchwa wameula. Mwaka wako unatosha, na huyo anayefuta ni mhuni wa mjini asiye na kazi. Mpuuze atachoka.

Na Honorata usimtume picha za makaburi. Ni bibi harusi yule.

Shangazi yako,
Veneranda


Dar es Salaam, 2 Aprili 2009

Shangazi,

Shikamoo, na hongera kwa harusi inayokuja. Kitenge nimeshanunua, cha bluu, na ukikiponda nitalia. Mwambie Baba Vitus pole kwa ng'ombe.

Usikasirike, lakini barua yako nimeisoma kama ninavyosoma taarifa za watu wengine, na haikunitosheleza. Unasema mchwa. Chome kuna baridi, Shangazi. Nguzo za ua wa babu zipo tangu enzi za Mjerumani na hazijaguswa. Mchwa gani huyo aliyepanda mlima kwa ajili ya msalaba wa baba peke yake? Kaburi la babu unalifagia kila Jumamosi, hilo nimekua nikiliona. La baba sijakuona ukiling'olea hata jani. Na jioni kwenye rozari unawataja marehemu wote, hadi shemeji wa Ngujini aliyekuibia kuku. Erasmo hujamtaja hata siku moja. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kwa sababu inakuuma.

Yule mtu amerudi. Safari hii ameacha mwaka kama ulivyo, akasahihisha jambo lingine. Mimi niliandika kwamba baba alipiga gitaa la solo. Yeye akaandika: "Solo alipiga Kassimu. Erasmo alikuwa ridhimu, na mara nyingi alichelewa."

Hebu fikiri na wewe. Mhuni hajui nani alipiga ridhimu kwenye bendi ya shamba la mkonge mwaka wa sabini na tisa. Shabiki naye angempandisha cheo. Nani anamshusha cheo maiti?

Nijibu vizuri, nakuomba.

Hedwiga


Chome, 30 Aprili 2009

Hedwiga,

Marahaba. Mvua imekuja kwa fujo baada ya kutuchelewesha, barabara imekatika pale kwenye kona ya pili, na barua yako imelala dukani Same mpaka Vitus alipoifuata kwa miguu. Alirudi amelowa chapachapa, ameificha kifuani isilowe. Alisema, "Barua ya mwanangu hii." Nakuambia hivyo ili ujue.

Tumepika makande, Honorata anakusalimu.

Kuhusu yale mengine, ni kweli Kassimu ndiye aliyepiga solo. Wazee wote wa bendi wanajua. Labda ni mmoja wao anajifurahisha.

Mwanangu, usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Padre ameshaanza kutangaza majina ya Honorata kanisani. Hapa nyumbani tuna furaha moja tu mwaka huu.

Veneranda


Dar es Salaam, 17 Mei 2009

Shangazi,

Shikamoo. Salamu zangu leo ni fupi kwa sababu nina hofu. Barua hii sikuipitisha kwa Baba Vitus. Nimempa Mwanaasha, yule muuza vitenge anayepanda Chome siku za gulio. Utaona kwa nini.

Kassimu nimemtafuta, nikampata Temeke. Amezeeka, macho yamefifia, kompyuta hajawahi kuigusa, kwa hiyo siyo yeye anayefuta. Lakini alinisimulia. Mwaka ule bidhaa zilipoadimika, bendi ilikaa bila nyuzi za gitaa, na nyumbani hapakuwa na sabuni ya kuniogeshea mimi. Baba akaamua kuvuka mpaka kwenda Taveta, Kenya, kwa njia za porini kutafuta vyote viwili. Hakwenda peke yake. Alikwenda na Vitus, rafiki yake. Akarudi Vitus. Mwaka uliofuata Vitus akamwoa mama.

Haya hamkuniambia. Kila nilipouliza mlisema, "aliugua."

Vitus nimemwita baba tangu nina miaka sita. Amenibeba mgongoni kwenda zahanati. Ameuza mbuzi ili niende sekondari. Nampenda. Lakini kwenye kazi yangu, mtu wa mwisho kumwona marehemu, kisha akarithi nyumba yake, ndiye wa kwanza kuulizwa. Je, baba alikufaje? Kuna mtu anajua mwili haukuonekana, na anataka na mimi nijue.

Shangazi, Vitus alimuua baba yangu?

Hedwiga


Chome, 5 Julai 2009

Hedwiga,

Sikukuandikia mwezi mzima wa Juni kwa hasira. Nilianza mara nyingi, na kila karatasi niliyoanza niliwashia moto. Goti limepona, kama bado una haja ya kujua.

Vitus hakuua mtu. Vitus hata kuku hawezi kuchinja, mama yako ndiye aliyekuwa akishika kisu na yeye akitazama pembeni.

Walivuka, ndiyo. Walikimbizwa porini na askari, bunduki zikalia. Vitus akakimbilia huku, Erasmo kule, na Vitus akasikia mtu analia na kuanguka. Hakurudi kutazama. Alifika hapa miguu imechanika, akasema, "Erasmo ameanguka," akazimia mlangoni kwangu. Tukangoja. Hakuna mtu wala habari. Mama yako Jenoveva akawa halali usingizi, hali chakula, na wewe unamuuliza baba yuko wapi. Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema asiyezikwa hatulii, na walioachwa hawatulii. Wakakata shina la mgomba la urefu wa mtu, wakalivisha shati lake jeupe la bendi, wakalifunga sanda na kulizika. Tulinyolewa nywele sote. Wewe ulitupa udongo kwa mkono wako mdogo.

Ndiyo kaburi lile. Ndiyo maana silifagii. Siwezi kufagilia mgomba.

Padre wa wakati huo hakuwa mtu wa milima hii. Aliona kaburi, akaona vichwa vimenyolewa, hakuuliza kilicholala ndani, na hakuna aliyeona haja ya kumweleza, kwa sababu kwetu sisi Erasmo alikuwa amezikwa. Vitus na Jenoveva walipokwenda kwake, akawafungisha ndoa. Hapo hakuna aliyedanganya. Sote tuliamini.

Sasa nisikilize. Mwaka tisini na moja, enzi za ruksa, mitumba imejaa kila kona na sabuni za kila rangi, nilikuwa gulioni Same nauza maharage. Mtu akasimama mbele yangu, hapimishi wala hapunguzishi bei. Nikamwambia, "Baba, nunua au pisha wenzako." Akasema, "Vene." Hakuna mwingine duniani aliyeniita hivyo.

Alifungwa kule ng'ambo, akatoka, akafanya kazi za watu, akaona haya kurudi mikono mitupu. Nilimweleza kwamba Jenoveva ameolewa na ana mtoto wa kike, Honorata. Akakaa juu ya gunia langu la maharage mpaka gulio likaisha. Kisha akauliza, "Nani ameniona?" Nikasema mimi. Akasema, "Basi iishie kwako."

Kwa mila yetu, aliyezikwa hivyo hapiti mlango wa nyumbani mpaka mgomba ufukuliwe mbele ya ukoo, na aliyeleta habari ya kifo chake ndiye amwite kwa jina. Erasmo alikataa ufukuliwe. Ukifukuliwa, Jenoveva ni mke wa wanaume wawili, na kanisani hapokei komunyo tena, na Honorata ananyooshewa kidole. Akaenda Mwanga kutengeneza redio. Siku hizi ni simu na hizo kompyuta zenu. Nilimwona kila baada ya miezi kadhaa nikipita na mzigo. Aliuliza habari zako kila mara, nami nilimpa.

Siombi radhi. Niliahidi, nikatimiza, na mama yako akafa akiwa mke halali machoni pa watu wote. Kwenye rozari sikumtaja kwa sababu Mungu siwezi kumdanganya. Kwamba ndiye anayefuta, sikujua mpaka uliponiandikia habari za ridhimu. Nadhani tangu Jenoveva afe ameshindwa kuendelea kulala kaburini.

Sasa unajua. Ukisema, unamvua mama yako shela huko aliko, mwezi mmoja kabla ya harusi ya mdogo wako. Usiposema, baba yako ni mgomba. Chagua wewe uliyesoma.

Veneranda


Dar es Salaam, 19 Julai 2009

Shangazi,

Shikamoo. Nimelia maktabani mbele ya wanafunzi, wakadhani nimefiwa. Ningewajibu nini?

Nina hasira na wewe, na naisema wazi ili isije ikanisumbua mbele ya safari. Kila likizo nikitoka sekondari kule kaskazini, basi langu lilisimama Mwanga. Nilinunua ndizi dirishani. Yeye alikuwa hapo hapo mjini, na wewe ulikuwa unanisubiri Same na uso mkavu.

Na bado sikukuamini. Ndivyo nilivyokuwa, ama ndivyo mlivyonifanya. Hadithi yako ilikuwa haina shahidi mwingine, na aliyenificha jambo mara moja anaweza kunificha mara mbili. Nilifikiri labda unamkinga Vitus. Kwa hiyo nilimpima huyo mtu mwenyewe. Chini ya ukurasa wa baba kuna mahali pa majadiliano, nikaandika pale: "Kama unamjua Erasmo, niambie alifanya nini siku binti yake alipoungua mguu." Sijawahi kumweleza mtu.

Jibu lilikuja kesho yake: "Alimpaka ute wa yai. Jenoveva akagomba kutwa nzima, kwa sababu lilikuwa yai pekee ndani ya nyumba."

Shangazi, nililishika kovu langu la mguuni kama anavyoshikwa mtoto. Yu hai.

Mwaka wa kifo nimeufuta, kwa mkono wangu, na hautarudi. Kwamba anaishi sikuandika, maana sina gazeti wala kitabu kinachosema hivyo, na mama yangu simtangazi kwa watu nisiowajua. Pameachwa wazi. Hilo ndilo nililoweza kulifanya huku.

La huko siwezi kuchagua mimi, wala wewe usichague tena. Msomee Baba Vitus barua yangu ya Mei, neno kwa neno, hata pale nilipouliza kama ameua. Nilimshuku kumwaga damu, ana haki ya kujua. Kisha msomee yako. Mke alikuwa wake na mtoto anayeolewa ni wake. Aamue yeye. Akisema mgomba ubaki ardhini, nitanyamaza mpaka nife, na baba nitakwenda kumwona Mwanga kwa siri kama wewe.

Nimeogopa hata kuandika neno hilo, baba, kwa watu wawili katika barua moja.

Hedwiga


Chome, 10 Agosti 2009

Hedwiga mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena kwa zile ulizoniamkia kwa hasira. Mahindi ya huku juu yamepona kidogo. Keki ya harusi itatoka Same, padre hajafuta kitu, na nitakueleza.

Nilimwita Vitus nikampa kiti. Nikamsomea ya kwako. Alisikiliza kichwa chini, hata pale pa kuua hakuinuka. Nikadhani nimemmaliza. Nikamsomea nakala ya yangu. Nilipofika kwenye gunia la maharage akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena.

Kisha akasema, "Kwa hiyo sikumwacha afe."

Nikamwambia hukumwacha afe.

"Nilimwacha tu," akasema, na akalia, mzee yule, kwa sauti, mpaka Honorata akatoka jikoni na mwiko mkononi. Ikabidi binti naye aambiwe. Nilimwogopa yeye kuliko wote. Akasema padre atamfungisha ndoa yeye, hatamfungisha mama, na kama kuna wa kunyoosha kidole aanze kukinyoosha sasa ili siku ya harusi ikifika awe amechoka. Mtoto wa Jenoveva kabisa.

Vitus akaamua mgomba ufukuliwe, na mwenyewe alikwenda kwa padre kabla ya wazee. Padre huyu ni kijana. Alimwambia waliofunga ndoa kwa moyo safi Mungu anawajua, na watoto wao ni halali kama alivyo yeye. Mimi nilisubiri nje na rozari mkononi.

Alhamisi wazee walikusanyika. Nilikwenda Mwanga kumleta Erasmo, akakataa, nikamwambia basi njoo unibebee mzigo, akaja. Tulimwacha pale kwenye kona chini ya nyumba, amevaa koti, amegeuzia mlima mgongo. Vijana wa ukoo walishika majembe, Vitus akawanyang'anya. Akachimba peke yake, mzee mwenye mgongo ule, hakumruhusu mtu. Hatukukuta kitu. Udongo mweusi tu, na kifungo kimoja cha shati. Mgomba ulishaoza zamani wakati sisi bado tunaulinda.

Ikawa zamu ya kuita. Vitus akasimama kwenye ukingo, akaita, "Erasmo!" Akaita tena. Kule chini mtu hakugeuka. Wazee wakaanza kutazamana. Ndipo Vitus akatupa jembe akateremka mwenyewe, hilo halimo katika mila, na sisi kutoka juu tukawaona wamesimama, wanaongea. Sikusikia walichosema na sikuuliza. Walipanda pamoja, taratibu, Vitus mbele. Hawakuja nyumbani kwanza. Vitus alimpeleka mpaka kwenye kaburi la mama yako, akamwonyesha, akarudi nyuma hatua kadhaa akamgeuzia mgongo ili mwenzake alie.

Sasa yuko kwangu. Anakula vizuri, ametengeneza redio yangu na ya jirani na ya katekista. Watu wanakuja kumgusa. Wazee wamemnyoa, mbuzi ameliwa, na hakuna aliyemtisha.

Lakini asubuhi ya leo nimemkuta amefunga begi lake. Nikamuuliza, unakwenda wapi? Akasema anataka kurudi Mwanga kabla ya harusi, kwa sababu anajua utakuja. Amekaa miaka yote hiyo karibu na barabara uliyopitia ukitoka shule na hakusimamisha basi hata siku moja. Anasema Vitus amemsamehe, na Jenoveva kwa kuwa amekufa hana la kusema, ila wewe uko hai na una haki ya kuuliza.

Begi nimelificha chini ya maharage. Ukiipata hii, panda basi la kwanza. Ukoo mzima haukumtisha, Hedwiga. Anakuogopa wewe.

Shangazi yako,
Veneranda